Nani Hayumo? Wanasiasa Wanapoandika Historia Isiyotokea

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu wa somo la historia na wapenzi wa vitabu. Wengi wenu hamkuweza kufika na mliomba maneno yake, kwa hiyo nimeyaweka yote kama yalivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotoka mbali kuja kutusikiliza, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie wanasiasa wanaoandika vitabu. Sisi hapa Tanzania si wageni wa jambo hilo. Rais wetu wa kwanza alitafsiri tamthilia za Shakespeare huku nchi changa ikimsubiri mezani. Lakini leo nataka tulitazame kundi moja tu, la wanasiasa wanaoandika historia ambayo haikutokea. Wapo wanaofanya hivyo waziwazi, na jalada linasema ni riwaya. Wapo wanaofanya hivyo kimyakimya, na jalada linasema ni historia. Hawa wa pili ndio wanaonikosesha usingizi, ila siwezi kuwafikia bila kupita kwa wale wa kwanza.

Na kila kitabu nitakachokitaja nitakiuliza swali moja tu: nani hayumo?

Newt Gingrich mnamfahamu, au mmewahi kulisikia jina lake. Ni mwanasiasa wa Marekani wa chama cha Republican. Kabla ya siasa alikuwa akifundisha historia chuoni huko Georgia, na shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Tulane mwaka 1971. Aliingia bungeni kwa uchaguzi wa 1978, na kuanzia 1995 hadi 1999 alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Mwaka uleule wa 1995 ikatoka riwaya aliyoiandika pamoja na William Forstchen, iitwayo 1945.

Hadithi yenyewe ni hii. Hitler anapata ajali ya ndege siku moja kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani. Anazirai kwa muda mrefu, na Ujerumani haitangazi vita dhidi ya Marekani. Marekani inamshinda Mjapani, Mjerumani anabaki bwana wa Ulaya, na baada ya hapo makomando wa Kijerumani wanavamia Oak Ridge, kule Tennessee, kwenye mitambo ya siri ya mradi wa bomu la atomiki. Ni riwaya ya risasi na ndege, na inaishia njiani. Sehemu ya pili haikuchapishwa kamwe.

Sasa tuulize. Mitambo ya Oak Ridge ilikuwapo kweli. Kazi yake ilikuwa kurutubisha urani. Urani hiyo ilitoka wapi, ndugu zangu? Sehemu kubwa ilitoka Katanga, kusini mwa Kongo, kwenye mgodi wa Shinkolobwe. Mawe ya mgodi ule yalikuwa na urani nyingi kuliko karibu mgodi wowote uliojulikana wakati huo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière, alisafirisha tani zipatazo 1,200 za mawe hayo hadi New York, yakakaa ghalani kule Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua mwaka 1942. Waliochimba ni Wakongo. Walichimba, wakachagua mawe kwa mikono, wakabeba, bila kuambiwa kilichomo ndani ya mawe hayo. Lugha iliyokuwa ikisemwa katika kambi za wachimbaji wa Katanga ni Kiswahili. Ni lugha hii hii ninayosema nanyi sasa hivi.

Nani hayumo? Wachimbaji wa Shinkolobwe si mashujaa wa riwaya ile. Mwandishi aliweza kuwazia Hitler aliyezirai na makomando wanaotua Tennessee. Na mwandishi huyu, ngoja niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui, shahada yake ya uzamivu aliiandikia Kongo. Nitalirudia hilo baadaye, maana lina uzito wake.

Miaka minane baadaye, mwaka 2003, Gingrich na Forstchen wakatoa riwaya nyingine, Gettysburg, ya kwanza katika vitabu vitatu. Hapa wanagusa kidonda kikubwa zaidi cha Wamarekani, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini. Vita halisi vya Gettysburg vilipiganwa tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika mji mdogo wa Pennsylvania. Katika siku hizo tatu watu wapatao 51,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena. Jenerali Robert E. Lee wa majimbo ya Kusini, yale yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, alishauriwa na msaidizi wake Longstreet asiwashambulie Wakaskazini vilimani, bali azunguke ubavuni. Lee alikataa, akashindwa. Kwenye riwaya Lee anakubali, anazunguka, anashinda.

Nataka niwe mkweli kwa waandishi hao. Vitabu vyao vitatu haviishii na Kusini kushinda vita. Mwishowe Kaskazini inashinda, Muungano unabaki. Wanaijua historia ya kijeshi, nyendo za vikosi wanazieleza kwa makini. Wala swali la "ingekuwaje" si swali baya. Mimi hulitumia darasani. Ukimuuliza mwanafunzi ingekuwaje kama mvua zisingeshindwa mwaka fulani, au kama meli fulani isingefika bandarini, unamlazimisha apime sababu, na anaacha kudhani kwamba yaliyotokea hayakuwa na njia nyingine.

Tatizo langu ni mahali wanapoiweka njia panda. Kwao historia nzima inasubiri jenerali mmoja aseme ndiyo au hapana. Walio chini ya meza ile wanasubiri tu.

Twendeni Chambersburg. Ni mji wa Pennsylvania, si mbali na Gettysburg. Juni 1863 askari wa farasi waliotangulia mbele ya jeshi la Lee waliingia mjini. Mwanamke mmoja mkazi wa pale, Rachel Cormany, alikuwa akiandika shajara. Ameandika kwamba alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, akaona watu Weusi wakiswagwa barabarani kama ng'ombe. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Baadhi yao walizaliwa palepale, katika jimbo lisilo na utumwa, na hawakuwahi kuwa mali ya mtu. Walikuwa wanapelekwa Kusini wakafanywe watumwa. Rachel anaandika jinsi roho ilivyomuuma kukaa kimya na kuutazama ukatili ule. Hili lilitokea. Halihitaji kubuniwa. Jeshi la Lee lilipokuwa likipita Pennsylvania lilikuwa pia likiwinda watu.

Na pale Gettysburg penyewe palikuwa na mkulima Mweusi, mtu huru, jina lake Abraham Brian. Alikuwa na ekari 12, nyumba ndogo ya mbao, ghala, ngano na majani ya mifugo. Aliposikia jeshi la Lee linakuja alikimbia na familia yake, na sababu mmekwisha kuisikia. Shamba lake lilikuwa juu ya kile kilima ambacho Lee alikipelekea askari wake wapatao 12,500 tarehe 3 Julai, shambulio ambalo Wamarekani wanalisoma hadi leo. Brian aliporudi alikuta kuta zimetobolewa kwa risasi, ua umeng'olewa, mazao yamekanyagwa, na maiti zimefukiwa shambani mwake. Akaandika madai serikalini: dola 1,028. Alilipwa dola 15.

Nauliza tena: nani hayumo? Ukisimulia Gettysburg kwa kuanza na Abraham Brian, swali la "ingekuwaje kama Lee angezunguka ubavuni" linabadilika lote. Lee akishinda, Brian anarudi wapi? Wale walioswagwa Chambersburg wanakuwa wangapi?

Wala maswali mengine ya "ingekuwaje" hayakukosekana. Januari 1865 Jenerali Sherman wa Kaskazini alitoa amri kwamba ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida igawiwe watu waliotoka utumwani, hadi ekari 40 kwa familia. Watu wapatao 40,000 walikaa huko wakaanza kulima. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliamua ardhi irudi kwa mabwana wa zamani. Ingekuwaje kama asingeirudisha? Mimi sijakutana na mwanasiasa aliyeandika riwaya kuhusu hilo. Hakuna mizinga ndani yake, zipo hati za shamba tu, na hati za shamba ndizo zingebadilisha maisha ya wajukuu wa watu wale.

Gingrich hakuwa mwanasiasa wa kwanza kumpa Lee ushindi. Kabla yake alitangulia Winston Churchill. Insha yake ilitoka katika kitabu cha mwaka 1931 ambamo waandishi mbalimbali waliandika historia za kubuni. Yake imejengwa kwa ufundi: anajifanya mwanahistoria anayeishi katika dunia ambamo Lee alishinda Gettysburg, kisha mwanahistoria huyo anawazia mambo yangekuwaje kama Lee angeshindwa. Katika dunia hiyo ya kubuni, Lee mshindi anautangaza mwisho wa utumwa, Uingereza inakuwa rafiki wa Kusini, mataifa yanayosema Kiingereza yanaungana, na vita vya 1914 vinaepukika. Vizuri sana. Lakini humo humo mwanahistoria huyo wa Churchill anaogopa kwamba Kaskazini ingeshinda, watumwa walioachwa huru wangetangazwa kuwa sawa na wazungu, na tangazo hilo la usawa wa rangi analiita la kipumbavu. Watu Weusi anawaeleza kuwa wapole, wa sura ya zamani katika safari ya binadamu, wasiofaa kuvishwa demokrasia ya wazungu.

Mtasema: hiyo ni insha ya burudani, na anayesema ni msimulizi wa kubuni. Sawa. Lakini tazameni ni wakati gani. Ndiyo miaka ileile Churchill alipokuwa akipiga kelele bungeni dhidi ya Wahindi kupewa madaraka ya kujitawala, na Februari 1931 akamwita Gandhi fakiri aliye nusu uchi. Alichoogopa India ndicho alichokiandikia Amerika ya 1863. Huyu pia ndiye aliyepita Mombasa mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, akapanda treni, akaandika kitabu cha safari yake. Na ndiye aliyekuwa waziri mkuu Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa Kenya.

Hapo Kenya nisimame kidogo, kwa sababu pana namna ya kuandika historia isiyotokea bila kushika kalamu kabisa. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kuondoka Afrika Mashariki, waziri wa makoloni Iain Macleod alituma maagizo mwaka 1961: serikali mpya zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Nyingine zikachomwa moto, na maagizo yalieleza hata namna ya kuponda majivu yake. Nyingine ziliruhusiwa kuzamishwa, ndani ya makasha yenye uzito, kwenye kina kirefu kisicho na mkondo. Nyingine zikasafirishwa Uingereza na kufungiwa katika jengo la Hanslope Park. Zilikaa huko karibu nusu karne. Wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za Mau Mau walipokwenda mahakamani London, ndipo mwaka 2011 serikali ikakiri kwamba faili zipo. Zilikuwa faili zipatazo 8,800, kutoka makoloni 37. Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni akakiri mateso, akaeleza kujuta, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Nimelileta hilo kwa makusudi. Wapo wanaodhani kila anayeandika historia upya ni mpotoshaji. Hapana. Wanahistoria walioirudia historia ya Kenya na kutuambia kambi zile zilikuwaje walikuwa wanasahihisha. Walileta ushahidi, walihoji wazee, walikubali kupingwa. Historia ambayo hairudiwi imekufa. Ninayemkataa ni yule anayeirudia ili kufukuza watu ndani yake.

Na wa namna hiyo hakuna aliyemzidi Alexander Stephens.

Naye ni mtu wa Georgia, jimbo alilowakilisha Gingrich miaka zaidi ya mia baadaye. Majimbo ya Kusini yalipojitenga mwaka 1861 walimchagua Stephens kuwa makamu wa rais wao. Tarehe 21 Machi 1861 alihutubia umati mjini Savannah. Alisema nini? Alisema serikali yao mpya imejengwa juu ya jiwe la msingi, na jiwe hilo ni ukweli mkuu kwamba Mweusi si sawa na mzungu, kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Alijisifu kwamba serikali yao ni ya kwanza duniani kujengwa juu ya ukweli huo. Sijaongeza neno. Na hakuwa peke yake; Mississippi katika tamko lake la kujitenga, Januari mwaka huo, ilisema msimamo wake umeshikamana kabisa na utumwa.

Basi vita vikaja. Miaka minne. Kusini ikashindwa, Stephens akafungwa katika ngome ya Boston, akaachiliwa. Kisha akakaa mezani kwake akaandika. Mwaka 1868 kikatoka kitabu cha kwanza, 1870 cha pili, vinene, vya kisheria, na humo anaeleza kwamba vita vile havikuwa vya utumwa. Vilikuwa vya katiba, anasema, vya haki za majimbo dhidi ya serikali kuu. Na ile hotuba ya Savannah? Huko gerezani aliandika katika shajara yake kwamba mwandishi wa gazeti hakuyanukuu vizuri maneno yake.

Je, watu walimkatalia? Walimrudisha bungeni mwaka 1873. Mwaka 1882 wakamchagua gavana wa Georgia. Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa Kusini, naye alitoa vitabu vyake viwili mwaka 1881, hoja ileile. Na kutoka kwa wanasiasa hawa wawili walioshindwa, hoja ikaingia makanisani, ikaingia kwenye sanamu, ikaingia shuleni. Hapo walimu wenzangu nisikilizeni. Karibu mwaka 1920 mwanamke mmoja wa Georgia, Mildred Rutherford, alitoa kijitabu cha kupimia vitabu vya shule. Kiliagiza kikataliwe kila kitabu kinachosema Kusini ilipigana ili kubaki na watumwa wake, au kinachomwita bwana wa watumwa mkatili. Na maktaba zilizokwisha nunua vitabu hivyo ziliagizwa ziandike kwenye ukurasa wa mbele wenye jina la kitabu kwamba kitabu hiki hakiitendei haki Kusini. Vizazi vya watoto, wazungu na Weusi, vilisomeshwa kwa kipimo hicho. Mwanasiasa alibadilisha alichokisema mwenyewe hadharani, na miaka hamsini baadaye mtoto wa shule anapewa mtihani juu ya toleo jipya.

Riwaya ya Gettysburg ukiifunga unajua ni riwaya. Mtoto aliyesoma kitabu cha Stephens kupitia kwa mwalimu wake alijuaje?

Sasa tuje karibu na siku zetu, twende Urusi. Vladimir Medinsky ni mwanasiasa, amewahi kuwa mbunge, akawa waziri wa utamaduni kuanzia 2012 hadi 2020. Huyu ameandika yote mawili. Ameandika vitabu vingi vya kile anachokiita kuvunja uzushi juu ya Urusi. Ameandika pia riwaya ya kihistoria, juu ya mji wa Smolensk ulipozingirwa na majeshi ya Poland mwanzoni mwa karne ya 17. Lakini habari yake ninayotaka kuwasimulia haimo katika vitabu hivyo.

Kila mtoto wa Kisovieti alifundishwa kwamba tarehe 16 Novemba 1941, kwenye kituo cha reli cha Dubosekovo karibu na Moscow, askari 28 wa divisheni ya Jenerali Panfilov walivizuia vifaru vya Wajerumani, wakavilipua 18, wakafa wote. Kiongozi wao alisema kabla ya kufa kwamba Urusi ni kubwa ila hakuna pa kurudi nyuma, Moscow iko mgongoni. Maneno ya kusisimua kweli. Mitaa ilipewa majina yao, na sanamu kubwa zikasimamishwa.

Mwaka 1947, mjini Kharkiv, alikamatwa mtu mmoja kwa kosa la kuwatumikia Wajerumani kama polisi wakati wa vita. Jina lake Ivan Dobrobabin. Walipompekua wakakuta kitabu kinachowasifu wale 28, naye ametajwa humo kama shujaa aliyekufa. Waendesha mashtaka wa jeshi wakachunguza, na ripoti yao ya 1948 ikasema wazi: hadithi ya wale 28 ilibuniwa na waandishi wa gazeti la jeshi. Mwandishi mmoja alikiri kwamba yale maneno ya mwisho aliyatunga mwenyewe. Ripoti ikafungiwa.

Mwaka 2015 Sergei Mironenko, mkurugenzi wa hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Urusi, aliiweka ripoti hiyo hadharani kila mtu aisome. Medinsky, waziri mwenye dhamana ya utamaduni, alikasirika. Mironenko aliambiwa ashughulikie nyaraka zake, asijifanye mwandishi wa habari. Machi 2016 hakuwa mkurugenzi tena. Na baadaye mwaka huo waziri akasema jambo ambalo kila mwalimu wa historia anapaswa kulisikia: kwamba hata kama hadithi ile imebuniwa tangu mwanzo hadi mwisho, ni simulizi takatifu, haiguswi.

Kuna sentensi moja katika ripoti ile ya 1948 iliyonishika kuliko zote. Kamanda wa kikosi, Kanali Kaprov, alihojiwa. Alisema vita vya wale 28 havikuwapo. Kisha akasema kwamba kompanyi nzima ilipigana siku hiyo, na waliokufa ni zaidi ya mia moja.

Zaidi ya mia moja, ndugu zangu. Nani hayumo? Walikuwa watu wa kweli, wengi waliandikishwa Kazakhstan na Kirgizia, waliolala kwenye theluji wakafa wakiulinda mji ambao wengi wao hawakuwahi kuuona. Hadithi ilihitaji 28, na hao wengine wakakosa nafasi. Aliyetangaza kwamba hadithi haiguswi aliwafungia nje mara ya pili. Wanatuambia uongo wa namna hii unawaheshimu wafu. Wafu gani?

Medinsky hakuishia hapo. Mwaka 2023 kilitoka kitabu kipya cha historia cha darasa la 11, shule zote za Urusi, yeye akiwa mmoja wa waandishi wakuu. Vita vya Ukraine vimo, kwa maelezo ya serikali iliyovianzisha. Na ni yeye aliyeongoza ujumbe wa Urusi katika mazungumzo na Ukraine, mwaka 2022 na tena 2025. Mtu huyohuyo alishika riwaya, kitabu cha shule na meza ya mazungumzo.

Nilisema nitarudi Kongo.

Tasnifu ya Gingrich ya mwaka 1971 inahusu sera ya elimu ya Wabelgiji nchini Kongo, kuanzia 1945 hadi 1960. Utafiti wake aliufanyia Brussels. Yaani mtu aliyekuja kuwa Spika wa Marekani alitumia miaka ya ujana wake kusoma juu ya shule za akina Lumumba. Na Septemba 2010, alipotaka kuwaeleza Wamarekani kwa nini Rais Obama haeleweki, alisema labda mtu ataelewa tu akizifahamu tabia za Kikenya za kupinga ukoloni. Alilisema kama shutuma. Baba yake Obama alizaliwa Kenya iliyotawaliwa na Mwingereza. Ulitaka apende ukoloni?

Shule zile zilikuwaje? Zilikuwa nyingi za msingi, karibu zote za wamisheni, na juu hakuna ngazi. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30, nchi nzima. Siku hiyo Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisimama Léopoldville, Kinshasa ya leo, akasema uhuru huo ni kilele cha kazi iliyobuniwa na akili kubwa ya Mfalme Leopold II. Leopold! Ambaye utawala wake uliwakata watu mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Patrice Lumumba hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Alisimama akasema. Alisema uhuru huo waliupata kwa kupigana, kwa machozi, moto na damu. Akakumbusha matusi na vipigo, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu tu wao ni Weusi. Wageni waheshimiwa walikasirika. Lakini kuanzia dakika ile hotuba ya mfalme haisomwi tena peke yake. Kila anayeisoma anasoma na ya Lumumba. Lumumba hakumzuia mfalme kusema. Aliwaingiza ndani ya historia watu ambao mfalme aliwaacha nje, na alifanya hivyo siku ileile, mbele yake, kabla wino haujakauka.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la kazi, na linahusu jambo hilo. Aliyekuwa na miaka kumi siku ile leo amepita sabini. Waliokaa kwenye madawati ya zile shule za wamisheni bado wapo Lubumbashi, Kalemie, Bukavu. Wengine wapo Kigoma, upande wetu wa ziwa. Watoto wa wachimbaji wa Shinkolobwe wapo. Tasnifu ya Brussels ipo maktabani, mtu yeyote anaweza kuiomba aisome. Sauti za wazee hawa haziko maktaba yoyote, na kuzikusanya hakuhitaji mkalimani, kwa sababu wanasema Kiswahili kama sisi. Walimu mlio mikoa ya magharibi, mna wanafunzi wenye simu zinazorekodi na mna jamaa ng'ambo ya ziwa. Nimeandaa karatasi ya maswali ya kuanzia: ulisoma shule gani, ulifundishwa nini, kwa lugha ipi, uliadhibiwa kwa kosa gani, nani aliruhusiwa kuendelea na nani alirudishwa nyumbani. Iko pale mlangoni. Anayeweza kuanza mwezi huu aandike jina lake kabla ya kutoka, tukutane baada ya chai tugawane wilaya.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.